Kiwiko cha Kushoto

Jeneza la mama lilikuwa limeshawekwa mbele ya safu, na Hatibu bado yuko bombani, anatawadha kwa mara ya saba. Macho yake yaliona maji yakipita kwenye kiwiko cha kushoto, lakini kichwa kilikataa kuyaamini macho. Kila kilipokataa, alianza upya: viganja, mdomo, pua.

"Kaka, utalikausha bomba la watu," alisema Mbarouk, mdogo wake. "Wanakungoja uswalishe, wewe ndiye mkubwa wetu. Udhu unao, nimekuona mwenyewe."

"Na kiwiko?"

"Kiwiko pia."

"Huenda pamebaki pakavu."

"Basi njoo hivyo hivyo, dhambi nibebe mimi."

Hatibu alifunga bomba, akapiga hatua mbili, akasimama. Alitaka kumswalia mama kwa udhu usio na shaka. Akarudi.

Mbarouk alimtazama kidogo, kisha akaenda kuswalisha yeye.

Swala ya jeneza haina rukuu wala sijda, huisha upesi. Hatibu alisikia takbira ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, ya mwisho, ilipopigwa, maji yalikuwa yanapita kwenye kiwiko, naye ameinama, anakitazama.