Mtanzania wa Kundi la Kati

Goreth alikuwa amepata Mtanzania wake na hakutaka kumwachia. Alimshika mkono tangu stesheni ya Merrylands hadi mlango wa ukumbi, akicheka peke yake njia nzima.

"Dada Goreth, sikimbii," alisema Méthode.

"Juzi tu ndiyo nimekujua mu train. Tembea."

Juzi hiyo alimsikia akiongea kwenye simu, Kiswahili kimenyooka mpaka kikamtia wivu. Jina lake lilikuwa la Kirundi, sawa, lakini ulimi ule umezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, wapi pengine? Akamwomba ajiunge na kundi lake. Méthode alikubali kwa kuahidiwa sambusa.

Bunge la Jumuiya ya Waafrika Mashariki wa huku ughaibuni hukutana Jumamosi moja kila mwezi, na hubishana kama bunge la kweli. Kundi la Jadi lilitaka darasa la watoto liwe la Kiswahili kitupu, na mtoto akijibu kwa Kiingereza arudishwe nyumbani. Kundi la Usasa lilitaka darasa lifungwe. Goreth alitaka liendelee, na kila mtoto ajibu kwa lugha aliyonayo. Binti yake Ineza alielewa kila neno la Kiswahili na kujibu "Yes, Mum", na bado alilipenda darasa kuliko kuogelea.

Kura ilikuwa leo. Lakini kundi lisilo na wajumbe wa nchi tatu haliruhusiwi kuleta hoja, na Kundi la Kati lilikuwa na Kariuki wa Kenya na Goreth wa Burundi, basi. Burundi yake aliringa nayo sana. Kikongwe mmoja ambaye Goreth humtunza kazini aliwahi kumuuliza kama huko kuna baridi. "Nikifika nitakuambia," alimjibu.

"Kundi la Kati," aliita Spika Omollo, "mna nchi ngapi leo?"

"Tatu!" Goreth alijibu, nusura aruke.

Rénovat, kiongozi wa Jadi, alisimama taratibu. "Spika, huyu Méthode ni Mrundi. Jina lenyewe linasema."

Goreth alilingoja hilo tangu asubuhi. "Jina haina passeport. Mtu ni wa pale alizaliwa. Tuiandike kwenye kanuni, tumalize."

"Sawa, let's vote on that first," alisema Omollo. "Na tufanye chap chap, kwaya ya Wasamoa inataka hall saa kumi."

Kanuni ilipita kwa tofauti ya kura moja. Goreth alipiga kigelegele, akamkumbatia Kariuki, akamkumbatia na mwanamke wa Usasa aliyekuwa amepiga kura ya hapana. Furaha ilimpanda kichwani.

"Haya, ndugu Méthode," alisema Omollo, kalamu mkononi. "Ulizaliwa wapi?"

"Muyinga, Mheshimiwa Spika. Nilivushwa mpaka wa Tanzania mgongoni kwa mama, nikiwa na wiki tatu."

Muyinga iko Burundi. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Rénovat alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka, naye Kariuki akajifunika uso kwa karatasi ya ajenda.

"Si ungeniambia?" Goreth alimnong'oneza Méthode.

"Hukuniuliza, dada."

Roho ilimuuma Goreth kweli. Akilini alimwona Ineza akirudishwa nyumbani na mkoba wake, na kanuni yenyewe alikuwa ameitaka yeye.

"Pole, madam," alisema Omollo. "Kenya mmoja, Burundi wawili. Hizo ni nchi mbili." Aliinua kalamu akate jina la kundi, kisha akasita. "Na wewe ulizaliwa wapi? Just for the record."

Goreth alianza kucheka mpaka akashika kiti.

"Kibondo, kambini," alisema. "Spika, Mtanzania ni mimi."