Kiatu Kimoja Mlangoni

Kiatu cha kushoto kilikuwa kizingitini, peke yake, na mlango uko wazi.

Fundi cherehani alikiona akiwa na pini mdomoni. Akazitema mezani, akaiacha sketi ya shule nusu imeshonwa, akatoka mbio. Hakuwa na haja ya kuuliza kaelekea wapi. Siku zote ni barabara kuu, kwa sababu huko ndiko lami imenyooka.

Hakufika mbali. Jirani wa ng'ambo, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa tayari anarudi naye, amemshika mkono. Nyuma yao lori limesimama upande, na dereva anatukana kila aliyezaliwa.

"Bingwa wako huyu hapa, dada," jirani alisema. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Bingwa. "Leo ilibaki kidogo tu tuwe tunaongea mengine."

Bingwa alikuwa anahema, mguu wa kushoto mtupu umechubuka, anacheka mpaka mapengo yote yanaonekana.

"Mama, nimeshinda?"

"Umeshinda, baba," alimjibu. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumfokea, vyote kwa pamoja, akajichukia kwa hilo la pili.

Jirani alimvuta pembeni. "Ile picha itoe ukutani. Akiitazama tu, miguu inamwasha. Sikatai, hata binti yangu anakimbia kwa ajili ya picha hiyohiyo. Ila binti yangu anaangalia magari."

Picha yenyewe nani asiyeijua? Ni ya zile mbio za mita elfu kumi, ambapo mkimbiaji alikanyagwa kisigino, kiatu cha kushoto kikamtoka, wala hakugeuka kukitazama. Aliwapita wote na kiatu kimoja. Miaka imepita, na bado watoto wa shule wakishindana huvua cha kushoto, mpaka walimu wamechoka kuwagombeza. Pichani mkimbiaji ameshamaliza. Amembeba mabegani mtoto wa kike mwenye mafundo mawili ya nywele, anaing'ata medali kama biskuti.

Fundi alimwosha Bingwa mguu, akampaka dawa, akambadilisha shati. Ndani ya kola ya kila shati lake alikuwa amedarizi namba yake mwenyewe ya simu, endapo atapotea. Kisha akamwekea chai. Bingwa hakuiona, alikuwa ameshasimama mbele ya picha.

"Na mimi naweza kukimbia kama huyu?"

"Unaweza, baba. Ukinywa chai."

"Na huyu mtoto mabegani kwake ni nani?"

"Inapoa hiyo."

Swali hilo hakulipenda. Mengine yote alikuwa radhi kuyajibu, hata kwa kurudiarudia, lakini si hilo.

Mchana kaka yake alipiga simu. Kaka anaishi mbali, na kutoka huko mbali kila kitu ni rahisi.

"Gari la kituo linakuja Jumatatu," alisema. "Kule kuna uzio, kuna walezi, kuna wenzake wa rika lake. Unasubiri nini, agongwe?"

"Usiseme hivyo."

"Sasa nani aseme? Una kazi, una maisha yako pia. Utakimbizana naye mpaka lini?"

Kaka alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Alipokata simu akaitoa picha ukutani, akaificha chini ya marobota ya vitambaa.

Na kweli, kesho yake hakukimbia mtu. Wala siku iliyofuata. Viatu vilikaa mlangoni, jozi kamili. Fundi alishona sketi mpaka zikajaa kitandani. Utulivu aliokuwa akiuomba ulikuja, ukamtisha. Bingwa alikaa kwenye kigoda, anatazama pale ukutani palipobaki mraba mweupe. Chai ilifanya utando juu. Hakudai kitu, hakumwita mama. Jioni ya pili ndipo alipouliza swali moja tu.

"Kaenda wapi?"

"Nani, baba?"

Bingwa alifikiri sana, akatikisa kichwa. Hakujua ni nani. Alijua tu kwamba hayupo. Fundi akainamia cherehani, akakanyaga pedali bila kitambaa, ili mlio wake ufunike kilio.

Jumapili asubuhi alimpigia kaka. "Waambie wa kituo wasijisumbue."

"Na barabara je?"

"Nitakimbia naye."

"Wewe? Wewe unayehema ukipanda ngazi tatu?"

"Basi nitahema."

Akakata. Alikuwa anaogopa, hilo hakulificha hata kwa nafsi yake. Alijua lori jingine litapita, na alijua ipo siku miguu yake haitawahi. Lakini alivaa raba alizoazima kwa binti wa jirani, zinambana vidole, kisha akapiga magoti, akamfunga Bingwa kamba za viatu vyote viwili, mafundo mara mbili. Ndipo akaifukua picha, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaitundika kwenye msumari wake.

Bingwa alisimama. Alisogea taratibu, akaweka kidole juu ya kioo, akakitembeza kutoka mguu mtupu wa mkimbiaji mpaka juu mabegani. Mapengo yakarudi kuonekana.

"Mama, na huyu mtoto ni nani?"

Safari hii hakutaja chai.

"Ni mimi, baba," alisema. "Na huyo aliyenibeba ni wewe."