Aliyeitikia Chini ya Meza

Ka. Ka. Ka.

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga jikoni, gizani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku anaona aibu. Mwinda mizuka alisimama sebuleni, chupa tupu mkono mmoja, kopo la jivu mkono wa pili. Ilikuwa saa moja ya jioni tu, ila alikuwa ameagiza taa zote zizimwe na mapazia yashushwe. Mzuka hauwindwi kwenye mwanga.

"Umesikia?" alinong'ona mlezi wa mtoto, mama wa makamo aliyekumbatia mto wa kochi kama ngao. "Wiki ya pili hii. Baba mtu anasema ni panya. Nikamwambia, baba, panya gani anayejua kuhesabu mpaka tatu?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Chumbani kwake. Huyo ndiye aliyeniletea namba yenu. Aliliona tangazo pale ukutani kwa duka la dawa, lile lenye picha yako, akaiandika namba kwenye kiganja. Kutwa nzima hakutaka kunawa. Na leo tangu asubuhi ni kuuliza tu, wamefika? wamefika? Mpaka nikamuuliza, wewe unangoja mzuka uondoke au unangoja mgeni?"

Mwinda mizuka hakucheka. Alipapasa ukuta, vidole vikagusa msumari mtupu, kisha mwingine.

"Picha zimeanguka lini?"

"Mimi nilikuta misumari tu. Nina miezi mitatu hapa."

Dalili mbaya, aliwaza. Mbaya, yaani nzuri. Mzuka alikuwa anauhitaji kufa na kupona, maana nje, ndani ya gari, bosi wake alikuwa anamngoja, na kwenye buti kulikuwa na chepe.

Ni hivi. Mwaka uliopita mzuka mmoja ulimsukuma kutoka ghorofani, akafa, akazikwa, mambo yakaisha. Ila kampuni ilikuwa na upungufu wa watu, na kumfundisha mwindaji mpya ni kazi ya miaka miwili, kwa hiyo bosi akaona heri amfufue wa zamani. Akarudi na ufundi wake wote. Watu wake hakurudi nao. Kichwani palikuwa peupe: si jina la mtaa, si sura ya mtu. Na faili lake la ofisini lilikuwa limeliwa na mchwa.

Wenzake waliofufuliwa walikuja kuchukuliwa na ndugu zao, ndugu wakatia sahihi, wakaenda nao makwao. Kwenye fomu yake, penye "ndugu wa kumchukua," alikuwa amechora mstari. Asiye na ndugu huishi kwa kazi yake tu, na yeye alikuwa amekosa mizuka miwili mfululizo.

"Ukikosa na huu," bosi alimwambia asubuhi ile, kwa upole kabisa, "nakurudisha nilikokutoa."

Na dunia alikuwa ameshaizoea tena. Alipenda kupiga mswaki. Alipenda hata kupanga foleni.

Ka. Ka. Ka.

Kutoka sebuleni hadi jikoni kulikuwa na ngazi tatu za kushuka. Ya pili ilikuwa imemeguka. Aliiruka.

"Umejuaje?" mlezi aliuliza nyuma yake. "Mimi hiyo imenibwaga mara mbili."

"Uzoefu wa kazi."

Akamwaga jivu sakafuni, akafungua chupa, akachuchumaa. Mzuka una udhaifu mmoja: umezoea kuingia bila kukaribishwa. Ukiukaribisha unababaika, unanyamaza, na hapo ndipo unapoutia chupani. Akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mwenyeji mwema:

"Karibu."

"Starehe," ikajibu sauti ndogo chini ya meza.

Halafu sauti ileile, imejishtukia: "Yaani, hakuna mtu."

Miaka yote ya kazi, akiwa hai na baada ya hapo, hakuwahi kukutana na mzuka wenye adabu. Akainua kitambaa cha meza, macho yake yameshalizoea giza. Binti wa miaka minane hivi alikuwa amejikunyata pale, kifuniko magotini, kijiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akajikuta ameketi katikati ya jivu lake mwenyewe, chupa imelala pembeni, tupu. "Mwanangu, unajua umenifanya nini?"

"Tangazo limesema mnafika penye mzuka tu," binti alisema. "Hapa haukuwepo. Ikabidi nitengeneze."

"Na mimi wiki mbili nalala na viatu miguuni, tayari kwa mbio," mlezi akasema kutoka kwenye ngazi. "Kumbe ni wewe, na huo utaratibu wako."

Mlango wa mbele ukagongwa. Bosi aliingia bila kungoja jibu, tochi mkono mmoja, fomu mkono wa pili.

"Umeupata?"

"Haukuwepo."

Bosi akashusha pumzi ya mtu anayewaza mgongo wake. "Basi twende. Usinifanye nichimbe usiku." Hakusema kwa ukali. Akamshika mkono, akamwinua.

Mkono wa pili haukuja. Binti alikuwa ameukamata kwa viganja vyote viwili, magoti yake meupe kwa jivu. Tochi ikapanda, ikawamulika nyuso zao, moja juu, moja chini, ikabaki hapo kitambo.

"Mwachie, mtoto," bosi alisema. "Huyu ni mali ya ofisi."

Binti hakuachia. Akakaza viganja, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Huyu ni mama yangu."