Hodi Mlangoni kwa Nungunungu

Zamani zile wanyama wa mashimoni waliacha kupiga hodi. Bibi Nungunungu peke yake ndiye aliyeidai.

"Hodi ya nini, Bibi? Si tumeshazoeana," Sungura alimcheka, huku akijiingilia tu.

"Nijue ni wewe, mjukuu wangu. Humu ndani ni giza."

Mchana mmoja Fisi alijipenyeza kwa Sungura. Watoto wa Sungura, wakidhani ni jirani, walimtambua akiwa ameshafika karibu. Wakachomoka mbio hadi kwa Bibi, wakapiga hodi kama alivyowazoesha.

"Karibuni," akasema, akailaza miiba yake.

Nyuma yao akaingia mwingine, kimya. Bibi hakusikia hodi. Akamgeuzia mgongo, miiba wima.

Fisi alitoka akilia, pua imejaa miiba.

Jioni hiyo Sungura alisimama nje ya shimo la Bibi.

"Hodi," akaita, na akangoja.