Bwana Mlango

Taa ya mafuta kwenye dashibodi iliwaka mara tu walipokipita kituo cha mwisho cha kujazia. Bwana Mlango akaigongagonga kwa kidole kama anayemwamsha mtoto.

"Rudi tujaze," mkewe akasema.

"Malkia, mimi na hili gari tunajuana. Taa ikiwaka ndiyo kwanza linapata akili."

Jina hilo alipewa na mtaa. Pikapu yao ya kubebea magodoro ilikuwa na milango miwili tu, na tangu masika, ule wa upande wa mke haukufunguka kwa ndani. Kitasa kilicheza ovyo kama jino bovu. Basi kila walipofika mahali, mume alishuka, akazunguka mbele ya gari, akainama kidogo na kumfungulia. "Tulia hapo, malkia. Nakuja kukufungulia." Wanawake wa mtaa waliona wivu hadi wakanuna.

"Wenzetu wanafunguliwa milango," mshona nguo wa jirani alimwambia mumewe mbele za watu, "sie tunafungiwa nje!"

Ambacho mtaa haukujua ni kwamba kitasa kile kiliharibiwa na Bwana Mlango mwenyewe, kwa koleo. Vioo navyo alihakikisha havishuki. Mjini kulikuwa na mwanamke aliyechoka kungoja, na mbele yao, baada ya machimbo ya kokoto, kulikuwa na reli isiyo na kizuizi wala mlinzi. Gari lingeishiwa mafuta pale katikati, treni ya mizigo ingetokea, mume angeshuka mbio kwenda kumfungulia mkewe, mguu ungeteleza. Basi, msiba. Kilio alishakifanyia mazoezi kwenye kioo cha bafuni. Tangi alilitaka kavu kabisa, maana polisi hupenda kuchungulia.

"Jana jioni nililipeleka gari kwa fundi," mke akasema. "Hiyo taa ilinitia wasiwasi."

Bwana Mlango akamgeukia. "Akasemaje?"

"Taa ni nzima. Kasema ubovu uko kwingine."

Bwana Mlango akacheka hadi tumbo likasugua usukani. "Mafundi hao! Wakikosa ugonjwa wanakuzalia."

Mkewe hakucheka. Alikipakata kikapu chake, akatazama machimbo yakipita.

"Nakuomba kwa mara ya mwisho, mume wangu. Rudi tujaze."

"Mke wangu na woga! Tumeshafika, tazama."

Reli ikatokeza. Gari likaanza kukwama na kushtuka lenyewe, kana kwamba nalo limeahidiwa fungu lake. Juu ya reli likazima. Bwana Mlango akaupiga usukani kwa kiganja. "Yamekwisha!"

Akajifanya kuhangaika na ufunguo. Kwa kweli alikuwa akingoja. Treni ilipojitokeza kwenye kona ikipiga honi, akaukadiria muda uliobaki: unamtosha mtu mmoja, tena mwenye mlango mzima.

"Tulia hapo, malkia. Nakuja kukufungulia."

Akavuta kitasa. Kikacheza ovyo kama jino bovu.

Akavuta tena. Akaupiga mlango kwa bega. Akaurudia ufunguo, safari hii kwa moyo wote. Injini ikakohoa kavu, ikanyamaza. Kilichobaki na uhai ni ile taa.

"Fundi hakuwa na kitasa kingine," mkewe akasema, huku akiufungua mlango wake taratibu kwa ndani. "Ilibidi ahamishe."

Akashuka, akaubamiza nyuma yake. Bwana Mlango akajitupa upande ule. Tumbo likanasa kwenye usukani. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amezunguka mbele ya gari, kikapu mkononi, ameinama kidogo kwenye kioo chake.

"Tulia hapo, mfalme," akasema, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi nje ya reli. "Nakuja kukufungulia."