Mkia Uliopiga Kura

Walikuwapo wanyama, nao walikuwa na bunge lililopiga kura kwa kuinua mikia. Tumbili mkia wake ulikatwa na mtego. Hakuwa na kura, na kila akirukia tawi alianguka puu!

Siku moja Mjusi aliomba bungeni nafaka ya ghala la umma imgharimie achunguze mayai yaliyotelekezwa viotani, ajue viungo vilivyokatika huotaje upya. Tumbili akapapasa kigutu cha mkia wake.

“Haiwezekani!” akafoka Ngiri. “Hata yai lisilo na mama ni raia! Chochote chenye uhai ni raia!”

“Na mimi ninayeanguka kutwa, ni jiwe?” akauliza Tumbili.

Mikia ikainuliwa. Kura zikawa sawa, ukabaki mkia wa Mjusi tu. Ngiri akaukanyaga usiinuke. Loo! Mkia ukakatika, ukaruka juu, ukacheza peke yake mbele ya Spika Nungunungu.

“Ndiyo imeshinda!” akatangaza Spika.

“Mheshimiwa, mkia huo hauna mwenyewe!” akapinga Ngiri.

“Lakini si una uhai, bwana? Basi kwa maneno yako, ni raia.”

Nafaka ikatolewa papo hapo. Tumbili akaubeba ule mkia begani, akazunguka nao kwa vifijo kama mbunge mpya.