Leseni ya Kiti cha Jirani

Siku hizi tiketi peke yake haikukalishi popote. Kiti cha uwanjani hufunguka kwa mwenye leseni yake tu, tena maisha yake yote, na hata ukioa au ukiolewa hakihami, ila wenye leseni wawili wakiridhiana kubadilishana. Ndiyo maana Siwema alikaa miaka tisa jukwaa la kaskazini, akimtazama mumewe Hamadi kule kusini, bega kwa bega na mwanamke aitwaye Zaituni. Wivu ulimla mpaka mechi zenyewe hakuziona.

"Mbona wanuna? Ni jirani wa kiti tu, mke wangu," Hamadi alimwambia kila waliporudi nyumbani.

Mwishowe Siwema alimfuata Zaituni, akambembeleza wabadilishane leseni. Zaituni akaweka kidole kwenye mkataba wa kubadilishana.

"Haya, dada. Kikalie wewe."

Jumamosi Siwema aliketi kando ya mumewe, roho yake kwatu. Goli lilipoingia, Hamadi, macho yakiwa bado uwanjani, akanyoosha mkono kando. Siwema akampa wake upesi. Hamadi akaupokea, akaubana mara mbili kwa mazoea. Kisha vidole vyake vikasita, vikauachia, kabla hata hajageuka kumtazama.